Opareta na Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Opareta, na jina hilo alilipata kwa halali. Alikaa miaka mingi mbele ya mtambo wa simu wa ofisi moja kubwa, katika chumba kisicho na dirisha, vifaa vya kusikilizia masikioni, akiunganisha watu. Wanaoibeza kazi hiyo hawaijui. Opareta aliwatambua watu kwa pumzi tu, kabla hawajatamka neno. Alijua mkurugenzi ameamka vibaya kabla katibu muhtasi wake hajajua. Mtu akipiga kutoka mbali, simu ikawa inakwaruza na kukatika-katika, mwingine angeng'ang'ana na rudia, rudia, sikusikii. Yeye alikuwa ameshaelewa na ameshampeleka alikotaka kwenda.

Halafu ikaletwa mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali subiri. Unga ukamwagika. Wakamfanyia chai ya kumuaga, mkubwa mmoja akasoma hotuba ndefu kuhusu mabadiliko, na mwishoni akamshukuru kwa jina la mtu mwingine kabisa. Opareta alikula keki yao mpaka chembe ya mwisho, akafuta mdomo, akaenda zake nyumbani. Umri wake ulikuwa ule wa katikati, mkubwa mno kwa kuajiriwa upya na mdogo mno kwa kukaa barazani kutazama wapita njia.

Tuseme ukweli, miezi ile ya mwanzo alikuwa kero. Alipanga makabati akayapangua. Alimpigia binti yake simu asubuhi, mchana na jioni kumuuliza kama amekula, mpaka binti akamwambia kwa upole kwamba yuko kazini na bosi anamtazama. Neno hilo, kazini, lilimchoma kuliko hotuba yote ya yule mkubwa. Mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mtaratibu anayepiga pasi shati hata siku ambayo haendi popote, alimvumilia kimyakimya na kujificha nyuma ya gazeti.

Kilichomtoa ndani ni sauti. Ilikuwa ndani ya ukuta wa bafu, nyembamba, haikomi. Mumewe hakuisikia, akasema labda ni panya. Opareta akamjibu kwamba panya naye hupumzika. Haikupita muda rangi ya ukuta ikaanza kuvimba, akaitwa fundi bomba, mzee mmoja mkavu wa maneno na mgongo mbovu. Mzee akagonga huku, akagonga kule, akasema itabidi avunje ukuta wote. Opareta akamsogeza kando, akaweka sikio ukutani, akatembea nalo polepole, akasimama. Akamwambia avunje hapo. Mzee hakupenda kuamrishwa na mwenye nyumba, lakini alivunja, pengine kwa nia ya kumkomesha. Bomba lililopasuka lilikuwa hapo hapo.

Mzee alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akamuuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumuuliza tangu aachishwe kazi.

"Mama, masikio haya yanashinda nyumbani yanasikiliza nini?"

Wiki iliyofuata Opareta alikuwa na ovaroli, anamfuata mzee kazini kujifunza. Mtaa ulipata cha kusema. Mama mzima, mke wa mwalimu, anatambaa chini ya masinki ya watu na grisi hadi kwenye viwiko! Wifi yake alifunga safari maalumu kuja kumuuliza kaka yake kama hali imekuwa mbaya kiasi hicho. Mwalimu akamjibu kwamba hali ni nzuri sana, ila ovaroli ni moja tu, kama ana ya ziada alete. Wifi aliondoka bila kunywa chai.

Opareta alijifunza yote, na hakujifunza kwa urahisi. Alijifunza kukata bomba likakaa sawa, kuzungusha tepu nyeupe kwenye maungio kwa upande unaotakiwa, kukaza spana na kujua wapi pa kuachia kabla uzi wa nati haujaliwa. Aliumia vidole, akalia machozi ya hasira chooni kwa mtu, akanawa uso, akarudi kazini. Mgongo wa mzee ulipokataa kabisa, alimwachia Opareta spana zake na wateja wake. Wateja wakaongezeka, kwa sababu ambayo mafundi wanaume hawakuwahi kuifikiria: nyumba nyingi mchana huwa na mwanamke peke yake, na mwanamke aliye peke yake hapendi kumfungulia mlango mwanamume asiyemjua aingie mpaka bafuni. Kwa Opareta walifungua mlango, wakamwekea na chai.

Wanawake wengine wakaanza kumfuata. Wa kwanza ni yule waliyemwita Redio. Alikuwa msusi wa saluni mpaka dawa za nywele zilipomharibia kifua, akabaki hana mbele wala nyuma, na watoto wanataka shule. Waliomwita Redio hawakumsingizia. Alianza kusema akiwa langoni na kumaliza akiwa langoni anatoka, na katikati hapo alikuwa amekupa habari za mtaa mzima na utabiri wa hali ya hewa. Baada yake akaja Shangazi, mkubwa kwao wote, mpishi wa zamani wa bweni, mwenye mikono isiyoshindwa na nati yoyote. Wakaja na wengine. Opareta aliwafundisha kukata, kufunga, kuzibua, kupanda juu ya dari na kushuka mzima. Aliwasomesha hadi namna ya kumjibu mume wa mteja anayetaka kusimama juu ya kichwa cha fundi. Wanawake waliokuja kwake wameinamisha vichwa walianza kutembea mtaani na visanduku vya vifaa begani, na watu wakawa wanawapisha.

Kitu kimoja tu hakuwafundisha. Hakuwafundisha kusikiliza. Ilipofika kazi ya kutafuta mahali maji yanapovujia ndani ya ukuta, wenzake walisimama pembeni, Redio akafungwa mdomo kwa kidole, na Opareta akaweka sikio lake. Kisha alisema hapa, na ilikuwa hapo. Alijiambia kwamba hicho ni kipaji, na kipaji hakigawiki. Ukweli ni kwamba alikipenda. Alipenda ule ukimya waliokaa nao watu wakimsubiri. Baada ya mashine na keki na kuitwa kwa jina la mtu mwingine, nani angemlaumu?

Mumewe ndiye aliyeona kwanza. Aliona sauti ya televisheni inapanda kidogo kila wiki. Aliona mkewe anaitikia "eeh" kwa swali ambalo jibu lake si eeh. Hakusema kitu mpaka alipomwambia kuna moshi jikoni naye akajibu kwamba asante, ameshiba. Hapo akamshika mkono akampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari hakuzunguka. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilikuwa njiani. Vipo vifaa vya kumsaidia kusikia watu wakizungumza, ila sauti zile nyembamba sana asizitegemee tena.

Opareta alimwapisha mumewe asimwambie mtu. Akaendelea na kazi. Aliendelea kuweka sikio ukutani na kukunja uso kama zamani, kisha akachagua kwa macho na uzoefu, na mara nyingi akapatia. Mara moja hakupatia. Alimvunjia mama mmoja ukuta wa jiko, ndani pakavu kabisa, naye akatangaza kwa sauti kubwa kwamba alitaka kwanza kukagua bomba la hapo kwa sababu limezeeka. Mama wa watu aliamini. Redio alimtazama Opareta usoni, kisha akainama kuzoa vifusi. Opareta aliona aibu, lakini alikaza shingo.

Siku chache baadaye akapigiwa simu na Metroni, muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Wodi ya wazazi ilikuwa haina maji ya kutegemewa. Tangi lilijazwa jioni, asubuhi likakutwa tupu. Wauguzi walikuwa wanabeba ndoo kutoka uani kwenda kumpokea mtoto, jambo ambalo Metroni alilieleza kwa maneno ambayo muuguzi mkuu hatakiwi kuyasema. Bomba lilivuja mahali fulani ndani ya ukuta mrefu wa wodi. Mafundi waliokuja kabla walitaka kubandua vigae vya ukuta wote, na wodi ifungwe wakati wa kazi hiyo. Uongozi nao ulikuwa umeshasema kwamba wiki ikiisha bila maji, wodi inafungwa, na akina mama watapelekwa hospitali ya upande wa pili wa mji. Kufika huko kwa gari ni mwendo, na si kila mwenye uchungu ana gari.

"Nimeambiwa wewe unasikia maji ukutani," Metroni alisema. "Nataka utoboe tundu moja tu. Unaweza?"

Opareta alikuwa amebana simu kwenye sikio la kushoto kwa nguvu. Alijibu kwamba anaweza. Lilimtoka kabla hajafikiri, kwa sababu alitaka sana liwe kweli.

Asubuhi ya kwenda huko, mwalimu alikaa mezani akimtazama mkewe anavyofunga kamba za viatu.

"Utawaambia wenzako?"

"Nikiwaambia, kikundi kinakufa. Watu wanaita masikio yangu, hawaiti spana zetu."

"Mama Watoto," mwalimu alisema taratibu, "kwani hao wengine Mungu aliwaumba bila masikio?"

Opareta aliondoka bila kuaga. Njia nzima alimkasirikia, na alimkasirikia hasa kwa sababu swali lilikuwa la maana.

Wodi yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda upande mmoja na mapazia ya kijani yaliyofuliwa mpaka yakapauka. Upande wa pili ndio ukuta wenyewe, vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, na katikati yake sinki la kunawia. Mama mmoja mwenye uchungu alikuwa akitembea polepole kwa kushikilia vyuma vya vitanda, maana ndivyo walivyomshauri. Metroni, aliyekuwa ameagiza tangi lijazwe alfajiri ile, alisimama mlangoni, mikono kifuani. Redio, Shangazi na wenzao wakaweka visanduku chini, wakajipanga kando kama ilivyo kawaida. Redio akajiwekea kidole mdomoni mwenyewe.

Opareta akaweka sikio la kushoto kwenye vigae. Kulikuwa na baridi ya kigae, na mvumo wa kichwa chake mwenyewe. Akasogea. Akasogea tena. Akafika kwenye sinki, akalipita, akafika kwenye kona, akarudi. Alifumba macho akajikaza kisabuni, akaomba moyoni apewe sauti moja tu, hata kidogo. Hakupewa. Nyuma yake watu walikuwa wametulia, na ule ukimya wao alioupenda siku zote, leo aliuogopa.

Chini ya sinki kulikuwa na kigae kimoja kilichoanza kugeuka manjano, na saruji ya pembeni yake ilikuwa imelainika. Fundi yeyote mzoefu angepachagua hapo. Opareta akachukua patasi na nyundo. Akaiweka patasi kwenye ukingo wa kigae, akainua mkono. Yule mama mwenye uchungu alikuwa amefika karibu, ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili, anaitazama ile patasi. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anasubiri tu kujua kama atazalia hapa au ataambiwa aende upande wa pili wa mji.

Opareta akashusha nyundo.

"Sisikii," alisema.

Redio akawageukia wauguzi papo hapo akawaambia wanyamaze basi, fundi hasikii, na yule anayekokota kigari aache kukokota. Wauguzi wakaganda walipo.

"Si wao," Opareta akasema. "Mimi ndiye nisiyesikia. Masikio yangu yamekwisha. Yamekwisha kitambo, nikawaficha. Lile jiko la juzi nilibahatisha."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Shangazi aliinama akaanza kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Redio ndiye aliyesogea, macho yamemjaa machozi, na yalikuwa machozi ya hasira.

"Mimi nilijua. Toka siku ile ya jiko nilijua. Kinachoniuma si masikio, dada. Umetufundisha kila kitu, hiki kimoja ukakikalia. Leo tumesimama hapa wote tuna masikio na hakuna anayejua kuyatumia."

"Nilidhani hakifundishiki."

"Ulijaribu?"

Opareta angeweza kujitetea. Alikuwa na maneno, na alikuwa mkubwa wao.

"Sikujaribu," akasema. "Nilipenda kuwa peke yangu."

Akasimama kidogo, nyundo mkononi. Kisha akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka. Yeye mwenyewe hakuzaliwa akijua kusikiliza. Siku alipoingia kwenye kile chumba cha simu alikuwa msichana asiyeweza kutofautisha sauti ya mkurugenzi na ya dereva wake. Bibi mmoja wa makamo ndiye aliyemfundisha, kwa kumwachia sikio moja la kifaa na lingine kukaa nalo yeye. Sheria ya bibi yule ilikuwa moja: mwanafunzi akiwa kwenye simu, mwalimu hasemi kitu, hata kama mwanafunzi anakaribia kumwunganisha waziri na duka la nyama. Opareta alilia wiki nzima. Baada ya hapo akaanza kusikia.

Akatoa nondo fupi kwenye sanduku, akampa Redio.

"Weka ncha kwenye koki ya sinki. Ile nyingine weka kwenye mfupa, nyuma ya sikio. Ziba sikio la pili kwa kidole. Halafu unyamaze."

"Mimi?"

"Wewe. Msusi anayesikia umbea wa viti vyote vya saluni kwa wakati mmoja na hakosei nani kasema nini."

Shangazi alicheka kwa pua, na hata Metroni midomo ilimcheza. Redio akafanya alivyoambiwa. Alikaa hivyo kidogo, akasema anasikia kila kitu, mashine, viatu, mlango wa nje, hata moyo wake mwenyewe unavyodunda. Opareta akamwambia asitafute maji kwanza. Azitambue hizo nyingine zote, moja baada ya nyingine, na kila anayoitambua aiweke kando. Itakayobaki haina mwenyewe, hiyo ndiyo. Kisha akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni, akaishika kwa nguvu ili isimpore mwenzake ile nondo.

Hicho kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote alivyofanya maishani, na aliyewahi kumfundisha mtu kazi anayoipenda ataelewa. Redio aliweka nondo kwenye koki ya sinki, akaiondoa, akaipeleka kwenye koki ya ukutani karibu na mlango. Akarudi kwenye sinki. Akaenda tena mlangoni. Alikuwa anafananisha, na hilo hakuambiwa na mtu. Opareta alitaka kusema vizuri, akameza. Kisha Redio akaacha koki, akaanza kutembeza nondo juu ya vigae vyenyewe, hatua kwa hatua, macho kafumba, jasho linamshuka. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani alinyamaza mpaka watu wakamwonea huruma. Alipita juu ya kile kigae cha manjano bila kusimama. Akaenda mpaka karibu na mlango, akainua nondo juu kidogo ya usawa wa bega lake, akaishusha, akaiinua tena.

"Hapa," akasema.

Opareta akapatazama. Palikuwa safi, pakavu, peupe kabisa. Kila kitu alichojifunza kwenye kazi hii kilimwambia kwamba ni kule chini ya sinki.

"Una uhakika?"

"Sina," Redio akasema. "Lakini ni hapa."

Metroni akauacha mlango akaja kati yao. Alikitazama kigae kile cha manjano, maana na yeye alikuwa na macho, kisha akamgeukia Opareta peke yake, kama kila mteja alivyofanya siku zote.

"Wewe unasemaje?"

Sentensi moja ya Opareta ingetosha. Angesema chini ya sinki, wangevunja chini ya sinki, na kila mtu angekubali, Redio akiwa wa kwanza.

"Fundi ameshasema," Opareta akajibu.

Akachukua patasi, akamwambia Redio aishikilie pale pale alipopachagua, akapiga. Kigae kikapasuka kikadondoka. Nyuma yake lipu ilikuwa kavu. Akapiga tena, vumbi jeupe likawarukia, likawa vumbi tu. Redio akaanza kutoa mkono, akasema kwamba amekosea, wasimame, wasiharibu zaidi. Metroni alishusha pumzi ndefu. Opareta alikishika kile kiganja cha Redio akakirudisha kwenye patasi.

"Shikilia. Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi shikilia."

Alipiga mara nyingine, na nyingine, bila pupa, tundu likaingia ndani kabisa hadi kwenye matofali. Hakuwa na hakika na maji. Hakika aliyokuwa nayo ni moja tu, kwamba hata kukiwa kukavu mpaka mwisho, hatasema kwamba Redio alikosea kabla hajamaliza kumwamini. Patasi ikaingia, mara vumbi likabadilika rangi. Kipande kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa. Shangazi akapenyeza kidole, akakitoa kinadondosha maji, akamwonyesha kila mtu bila kusema kitu.

Bomba lilikuwa na ufa mwembamba kwenye ungio la juu. Maji yalikuwa yakitiririka kwa ndani kufuata bomba mpaka chini ya sinki, ndiyo maana kigae cha kule kikageuka manjano. Kama wangeanza kule, wangelifuata bomba kupanda juu na kubandua nusu ya ukuta. Shangazi alifunga koki kuu, wenzake wakakata, wakafunga ungio jipya, wakafungulia tena. Metroni mwenyewe alipanda ngazi kwenda kuchungulia tangi, akarudi, akakaa kitako kwenye benchi, akapanda tena baadaye. Maji yalikuwa yamesimama pale pale. Muuguzi mmoja akafungua koki ya sinki, akajaza beseni, akalipeleka nyuma ya pazia la kijani alikokuwa ameingizwa yule mama, na halikuchukua muda kule ndani mtoto akalia. Opareta hakusikia kilio hicho. Alijua kwa kuziona nyuso za wenzake, na ilimuuma, na alifurahi, vyote kwa pamoja.

Metroni alimwambia kwamba ana wenzake wa vituo vingine wenye kuta zao na matatizo yao. Akauliza ampe nani habari. Opareta akamwelekeza kwa Redio, na Redio akaanza kumweleza Metroni tangu alipozaliwa.

Walipotoka langoni, Opareta aliwasimamisha wote. Akawaambia kesho asubuhi waje kwake, kila mtu na masikio yake, asiyekuja asimlaumu mtu. Hataki kikundi chenye masikio ya mtu mmoja, awe yeye au awe Redio. Atakayejua kitu na kukikalia atakuwa na kesi naye. Aliyasema hayo kwa ukali, na hakuna aliyekasirika. Shangazi akauliza kama na wenye masikio ya uzee wanaruhusiwa, akaambiwa hao ndio watakaoanza.

Wengine wakashika njia zao. Opareta na Redio walikuwa wanaelekea upande mmoja. Walitembea, Redio akiwa bado anajipangusa vumbi la lipu kwenye nyusi. Opareta akamuuliza ile sauti ilikuwaje.

"Ipi?"

"Ya pale ukutani. Iliyobaki baada ya kuweka nyingine zote kando."

Redio akamtazama. Alielewa kwamba haulizwi kama mwanafunzi. Akapunguza mwendo, akaanza kuitafutia maneno. Opareta akamzunguka akahamia upande wake wa kulia, ili sikio la kushoto, lile lililobaki, liwe karibu naye.

"Usiharakishe," akamwambia. "Nianzishie mwanzo."